Nilivyoufuata mkate wa mama hadi Kisanga

Basi liliondoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri bado kuna giza. Miguuni kwangu kulikuwa na kiroba chenye nazi sita. Konda aliponiuliza kama naenda harusini au msibani, nilimjibu kuwa naenda kwa mama kujifunza kupika mkate. Alicheka mpaka akasahau kunirudishia chenji.

Ana haki ya kucheka. Nina miaka 42, nina watoto watatu, na nimepika kwenye shughuli za watu kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini mkate wa mchele wa mama yangu, ule ambao wengine huuita mkate wa kumimina, ulikuwa umenishinda. Haukunishinda mimi peke yangu. Ulimshinda pia mdogo wangu aliyeko Muscat, Oman, na yeye ndiye aliyenifanya nifunge safari.

Mdogo wangu anafanya kazi za ndani huko kwa mkataba wa miaka miwili. Mwanawe wa kike, mwenye miaka tisa, amemwacha Kisanga kwa mama. Kila Idd nyumbani kwetu hupikwa mkate huo. Idd iliyopita alijaribu kuupika mwenyewe, kisha akatuma picha kwenye grupu la familia. Tulichokiona ni kitu bapa, kigumu pembeni na kibichi katikati. Chini yake aliandika, “Huu ni mkate au kigae?” Tulicheka wote. Baadaye usiku alinipigia peke yangu, na hapo hakuwa anacheka.

“Dada,” aliniambia, “mwanangu ameniuliza kama nimekula mkate wa Idd. Nimemdanganya nimesema ndiyo.”

Maelezo tuliyokuwa nayo

Mama alikuwa ametueleza upishi huo kwa simu zaidi ya mara tatu, na hakuwa mchoyo wa maneno. Ujumbe wake wa sauti ninao hadi leo: loweka mchele vikombe viwili usiku kucha, twanga, chekecha, weka tui zito la nazi mbili ndogo, sukari kikombe kimoja, hamira kidogo, iliki. Acha uumuke. Pika moto wa chini na wa juu. Basi.

Nilifuata kila neno. Wa kwanza ukawa mtamu kupita kiasi na mlaini kama uji ulioganda. Wa pili nikapunguza tui, ukapasuka. Wa tatu watoto wangu waliula kwa heshima tu, na mwanangu wa mwisho akauliza kama anaweza kuondoka mezani.

Nilipompigia mama kumweleza, alinijibu jibu ambalo nadhani wasomaji wengi mmewahi kulipata kutoka kwa mama zenu: “Mbona ni rahisi tu? Utajua mwenyewe ukiuona.”

Tatizo ni kwamba mama naye siku hizi hauoni. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Anangoja siku yake ya upasuaji, na wakati anangoja anapika kwa kupapasa. Nilipolifikiria hilo nikaona sina muda wa kuendelea kutuma ujumbe wa sauti. Nikaomba ruhusa kazini siku nne, wiki ya kuelekea Idd el-Hajj.

Njia ya kwenda

Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kama kilomita 190, na kutoka Morogoro hadi Mikumi ni kama 120 nyingine kwa barabara ya kwenda Iringa. Kabla ya kufika Mikumi mjini, barabara inakatiza ndani ya hifadhi ya taifa kwa takriban kilomita 50. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1964, na wanyama wake hawana habari kuwa kuna basi lenye ratiba. Asubuhi hiyo twiga wawili walikuwa wamesimama karibu kabisa na lami. Abiria wote wa upande wa kulia walihamia kushoto na simu zao, na mtoto aliyekuwa nyuma yangu akamuuliza mama yake kama twiga wale wana baba.

Mikumi mjini nilishuka. Pale harufu ya mahindi ya kuchoma inakupokea kabla ya mtu yeyote. Nilinunua mkate wa dukani kwa ajili ya mjukuu wa mama, nikaulizia usafiri wa Kisanga. Kutoka hapo lami inakuacha. Nilipanda gari dogo lililojaa watu na mifuko, kisha bodaboda, kiroba cha nazi kikiwa katikati yangu na dereva kama abiria wa tatu.

Huku kwetu Kilosa tuna mzaha wetu. Wilaya hii ina kata inayoitwa Ulaya, na hakuna mtoto wa Kisanga ambaye hajawahi kumwambia mgeni kuwa mjomba wake anaishi Ulaya. Dereva wa bodaboda alinifanyia mzaha huo huo. Nikamwambia mimi ni wa hapa hapa, mdogo wangu ndiye aliyevuka kweli, yuko Uarabuni. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kuwa naye ana dada huko.

Ulikuwa wakati wa mavuno. Mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye maturubai nje ya nyumba, kuku wakifukuzwa na watoto, na vilima vilikuwa vimeanza kubadilika rangi kutoka kijani kuwa kahawia. Mama alikuwa amekaa kibarazani. Hakunitambua kwa sura. Alinitambua niliposema shikamoo.

“Marahaba mwanangu. Umekuja na nazi?”

“Nimekuja nazo sita.”

“Basi kazi ipo.”

Mkate wenyewe ulikotoka

Msomaji anaweza kujiuliza mkate wa nazi na mchele, chakula cha watu wa Pwani, ulifikaje vilimani Kilosa. Usiku ule, mchele ukiwa tayari umelowekwa, nilimuuliza mama swali hilo kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Babu, baba yake mama, alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Kimamba. Reli ya Kati ilipita Kilosa tangu enzi za Wajerumani, na mashamba ya mkonge yaliyofuatana na reli hiyo yalivuta watu kutoka kila upande wa nchi. Kwenye nyumba za wafanyakazi, bibi alikuwa na jirani aliyetoka upande wa Bagamoyo. Jirani huyo alimfundisha bibi mkate wa mchele, na bibi akamfundisha yeye kupika mlenda na mboga za huku. Hakuna aliyeandika kitu. Walipikiana tu, mlango kwa mlango.

“Yule mwanamke alikuwa mbali na kwao,” mama alisema. “Akipika ule mkate alikuwa anaimba. Mama yangu alisema akiupika anajisikia yuko nyumbani.”

Nilimfikiria mdogo wangu aliyeko Muscat. Niliona kwamba mkate huu tangu mwanzo umekuwa chakula cha mtu aliye mbali na kwao, na kwamba ulifika kwetu kwa sababu mtu mmoja mpweke alikuwa na jirani wa kusimama naye jikoni.

Sisi watu wa huku, Wasagara, Wavidunda, Wakaguru, na majirani zetu Waluguru, kwa mila tunahesabu ukoo kwa upande wa mama. Shamba hufuata kwa mama, na jina la ukoo vilevile. Mapishi nayo yalifuata njia hiyo hiyo: bibi kwa mama, mama kwetu. Lakini mila hiyo ilitegemea binti kuishi jirani na mama yake. Haikumfikiria binti anayeishi Mbagala, wala yule aliyeko ng’ambo ya bahari.

Mara moja tu upishi wa bibi uliwahi kuandikwa. Mama yetu mdogo, aliyekuwa akiishi Kilosa mjini, alikuwa amesoma na alikuwa na hati nzuri. Alimwekea bibi daftari zima: mkate, vitumbua, kisamvu cha karanga, hata dawa ya kikohozi ya tangawizi. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulipovunja kingo zake, Kilosa ilifurika, reli ikaharibika, na maelfu ya watu wakaishi kwenye mahema. Mama mdogo aliokoa watoto na cherehani. Daftari lilikuwa chini ya godoro. Bibi alikuwa ameshafariki, na mama mdogo naye sasa ametangulia mbele ya haki.

Kwa hiyo kilichobaki ni mikono ya mama.

Kikombe kipi?

Asubuhi tulianza. Nilikuwa nimekuja na mzani mdogo wa jikoni na kikombe cha plastiki chenye mistari ya vipimo. Mama alivishika, akavigeuza, akaniuliza, “Unakuja kupima mkate au kunipima mimi?”

Nilikuwa na mpango mmoja. Kila mama alichotaka kumwaga kwenye bakuli, ningekikinga kwanza, nikipime, ndipo nikimwage. Usiku uliotangulia, kabla mchele haujalowekwa, nilikuwa nimeanza kwa kumwomba apime vikombe vyake viwili. Akamwita mjukuu wake: “Mke mwenza, nipe kikombe.”

Mtoto alikwenda kwenye kabati na kuleta kikombe kikubwa cha bati, cha zamani, rangi imebanduka ukingoni. Hicho ndicho kilichokuwa “kikombe” cha mchele. Vikombe viwili vilikuwa gramu 500. Nilipopima mchele kwa kikombe cha chai kama nilichotumia Dar, viwili havikuzidi gramu 300.

“Na sukari, mama, kwa hiki hiki?”

“Sukari! Unataka kutuua? Sukari kwa kikombe cha chai.”

Hapo nikaelewa. Katika sentensi moja mama alikuwa akisema “kikombe” mara mbili, na vilikuwa vikombe viwili tofauti. Mimi nilipunguza mchele bila kujua, tui likabaki la nazi mbili, sukari ikabaki ile ile. Ndiyo maana mkate wangu ulikuwa uji mtamu. Mama hakunidanganya. Kwake hakuna mtu mwenye akili timamu anayepima mchele kwa kikombe cha chai.

Tusiwacheke mama zetu kwa hili. Wazee wetu walikuwa na kibaba na pishi, na kila mtu alijua kuwa pishi ni vibaba vinne. Leo sokoni tunapima kwa sado, ndoo ndogo iliyoanza kama kopo la rangi, na hakuna anayeshangaa. Kipimo ni makubaliano ya watu wanaoishi pamoja. Tukitengana, yale makubaliano yanabaki nyumbani na neno peke yake ndilo linalosafiri.

Tulikuna nazi, tukakamua tui la kwanza bila maji mengi: mililita 400. Tui jepesi tukaliweka pembeni la kupikia maharage. Hamira, ile “kidogo” ya mama, ilikuwa kijiko kidogo kimoja cha kusawazisha. Iliki punje nane. Mama alinionya pia kuhusu mchele wenyewe: tusitumie mpya uliokuwa umeanikwa nje, kwa sababu unanata na kufanya mkate uwe mzito. Tutumie wa mwaka jana. Hilo nalo hakuwahi kulisema kwenye simu, kwa kuwa hakufikiri kama kuna mtu asiyelijua.

Aliyekuwa anajua

Tukaanza kutwanga. Mimi nikiwa kwenye kinu, mama ameshika chekecheke, na mjukuu anapita katikati yetu. Nilimwona yule mtoto akifunua sufuria ndogo, akachota wali wa jana, konzi moja, akautia kwenye kinu.

“Unafanya nini?” nilimuuliza.

“Kiporo, Mama Mkubwa.”

Nilimgeukia mama. “Mama, kuna kiporo kwenye mkate?”

“Kipo.”

“Mbona hukuwahi kusema?”

“Hicho nacho cha kusema? Si kiungo. Ni kiporo tu, kinalainisha.”

Niliacha kutwanga nikacheka, kisha nikakaa chini. Mikate mitatu Dar, mmoja Muscat, simu zote zile, na kumbe konzi moja ya wali wa jana haikuwa na jina kichwani mwa mama. Mkono wake ulikuwa unaitia kwa miaka arobaini bila kumwambia.

Lakini mtoto alikuwa anajua. Kuanzia hapo nikaanza kumtazama yeye. Tangu macho ya bibi yake yaanze kuwa na ukungu, yeye ndiye anayetazama kama unga umeumuka. Yeye ndiye anayesema “Bibi, vimeanza vipovu.” Yeye ndiye anayehesabu makaa: saba chini, kumi na mbili juu ya mfuniko. Bibi yake humuuliza, naye hujibu, na kwa kujibu huko amejifunza kuyasema yale ambayo bibi mwenyewe hakuwahi kuyatamka.

Nilimuuliza unga uumuke muda gani. Mama akasema, “Mpaka uwe tayari.” Mtoto akasema, “Ukianza tukienda kisimani, tukirudi unakuwa tayari.” Nilitazama saa walipokwenda na kurudi. Dakika 50.

Sufuria ilipakwa mafuta na kuachwa ipate moto kwanza. Unga ukamiminwa, moto wa chini ukiwa mdogo. Pembeni ulipoanza kushika, makaa yakapandishwa juu ya mfuniko. Baada ya dakika 35 mtoto alichoma kijiti katikati, akakitoa kikavu, akamshikisha bibi yake kijiti hicho. Mama alikipitisha kwenye vidole akasema, “Epua.”

Ulikuwa na matundu kama sega la nyuki, rangi ya dhahabu juu, na harufu ile ile. Niliukata, nikapeleka kipande cha kwanza kwa mama. Alikula nusu, nusu akampa mjukuu wake.

Ujumbe wa kwenda Muscat

Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye daftari langu na nilikuwa tayari kumpigia picha mdogo wangu nimtumie. Mtoto aliniuliza, “Mama Mkubwa, naweza kumwambia mimi?”

Nikampa simu. Nilimwambia aanze tangu kulowekwa kwa mchele, aseme pole pole, na asiruke kitu hata kama anadhani mama yake anakijua. Alisimama karibu na mwembe, mahali mtandao unaposhika vizuri, akazungumza dakika nne na sekunde kadhaa. Alisema gramu nilizomtajia. Alisema kiporo konzi moja, “konzi yangu siyo yako, Mama, yako ni kubwa.” Alieleza vipovu vinavyotokea. Alipofika mwisho alisahau kuwa anafundisha, akasimulia habari za mbuzi wa jirani aliyekula sare yake ya shule.

Muscat wako mbele yetu kwa saa moja. Kule jua lilikuwa linakaribia kuzama. Jibu lilikuja usiku, na lilikuwa fupi. Mdogo wangu alisema amesikiliza mara tatu. Aliomba sauti hiyo isifutwe.

Jambo jingine alilotuambia lilinifurahisha. Pale anapofanya kazi kuna bibi kizee, mama wa mwenye nyumba, aliyezaliwa Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi zenye asili ya Oman ziliondoka Zanzibar, na baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 wengi walirejea Oman wakiwa na Kiswahili chao na mapishi yao. Hadi leo mishkaki inauzwa barabarani Muscat kama inavyouzwa Dar. Bibi kizee yule alipoona kile kigae cha Idd iliyopita, alikuwa amemwambia mdogo wangu kwa Kiswahili, “Mwanangu, huu hukuweka wali.” Mdogo wangu alidhani ni maneno ya uzee. Kumbe huyo bibi wa Unguja na yule jirani wa Bagamoyo aliyemfundisha bibi yetu walikuwa na siri moja.

Kama na wewe una mkate wa kwenu

Sidhani familia yangu iko peke yake. Mtoto yuko chuo Dodoma, mwingine ameolewa Mwanza, mwingine yuko ng’ambo, na mama yuko kijijini na simu ya tochi. Haya ndiyo niliyojifunza, na nayatoa kwa mzazi yeyote anayetaka kuyachukua.

Usiulize vipimo, vikinge. Mtu anayepika kwa mkono hawezi kukutajia gramu, lakini anaweza kumwaga mbele yako. Kama huna mzani, piga picha ya chombo chenyewe kikiwa karibu na kitu ambacho kila mtu anakijua, kwa mfano chupa ya soda.

Uliza “kikombe kipi?” na “kijiko kipi?” kila mara, hata kama unaonekana mjinga.

Mwache mtoto awepo. Mtoto huuliza na kuona yale ambayo mtu mzima anayapita. Mpe kazi ya kuhesabu na kutazama saa, mbali na moto.

Tunza sehemu mbili. Daftari letu lilikwenda na maji. Andika kwenye karatasi, na tuma sauti au picha kwa ndugu angalau wawili wanaoishi miji tofauti. Simu huibwa na huharibika.

Anayepokea naye arudishe majibu. Asitume picha ya ule uliofanikiwa tu. Ule ulioharibika ndio unaoonyesha neno lililosahaulika.

Na usingoje. Mimi nilingoja mpaka macho ya mama yakaanza kuzima. Mungu akipenda atapasuliwa na kuona tena, lakini kuna wengi ambao safari kama yangu ingewachelewa.

Kwa wanaotaka kujaribu, kipimo chenyewe ni hiki: mchele wa zamani gramu 500 uliolowekwa usiku kucha na kuchujwa, wali wa jana konzi moja, tui zito mililita 400, sukari gramu 180, hamira kijiko kidogo kimoja, iliki punje nane zilizotwangwa. Mwenye kinu atwange na kuchekecha kisha achanganye na tui. Mwenye blenda asage mchele na tui pamoja mpaka ulainike kabisa, asiongeze maji. Uumuke kama dakika 50 mahali penye joto. Sufuria ipate moto na mafuta kabla ya kumimina. Kwa jiko la mkaa, moto mdogo chini na mkubwa kidogo juu, dakika 35. Kwa oveni, nyuzi 180, kati ya dakika 35 na 40.

Siku ya Idd nilikuwa nimesharudi Dar. Mchana picha mbili ziliingia kwenye grupu. Moja kutoka Kisanga, mkate kwenye sinia, mkono wa mama ukionekana pembeni. Nyingine kutoka Muscat. Mkate wa mdogo wangu ulikuwa umeinuka vizuri, isipokuwa upande mmoja uliokuwa umebonyea kidogo.

Tulimsifu wote. Nilimpongeza, kaka yetu aliyeko Mbeya akampongeza. Kisha ukaingia ujumbe wa sauti kutoka simu ya mama, na sauti haikuwa ya mama.

“Mama, mzuri. Lakini ulifunua mapema. Bibi anasema mwakani usifunue, uhesabu kwanza. Utahesabu na mimi.”